Viinitete 16, mimba 3: daftari la Fukayosi linasema nini

Mwaka huu hapa Fukayosi, Bagamoyo, mjomba aliwawekea ng'ombe wake 16 viinitete, yaani mimba changa za siku 7 kutoka kwa ng'ombe wengine. Siku daktari wa mifugo anarudi kupima mimba na altrasaundi, katikati ya mwezi wa pili, mjomba alikuwa ameshafunga mbuzi pembeni anasubiri kusikia mimba tisa au hata kumi, na daktari akawa anapita ng'ombe mmoja mmoja anasema hamna, hamna, hamna, mpaka alipofika wa sita ndo akasema huyu anayo. Mpaka jioni zikawa 4. Mwezi wa nne akapima tena kwa mkono zikawa 3. Viinitete 16 vimewekwa, mimba 3, na yule mbuzi tulimla hivyo hivyo kimya kimya kama watu waliotoka mazikoni.

Mimi ndo nilikuwa nashika daftari ndo maana naandika hiki kisa, kila mtu hapa Fukayosi ana sababu yake na hakuna hata mmoja aliyelifungua akaangalia. Mjomba anasema tumeuziwa viinitete vibovu. Shemeji anasema daktari ana mkono mzito. Daktari mwenyewe kwa heshima zote anasema ng'ombe hawakuwa tayari, ambayo ni kweli ila ni jibu la kufunga mazungumzo. Majirani ndo usiseme, wao wanasema ng'ombe hawezi kubeba mtoto asiye wake, mama wa kupanga hana uchungu.

Hilo la majirani nalitoa kwanza. Kiinitete cha siku 7 kikiwekwa kwenye kizazi ambacho nacho kiko siku ya 7 toka joto, yaani toka ng'ombe alipotaka dume, ng'ombe hana pa kujulia kwamba si chake. Ndama atachukua sura na ukubwa wa baba na mama yake wa asili, huyu aliyembeba anampa chakula tumboni, maziwa ya mwanzo na kinga basi. Na wala si mambo ya juzi, ndama wa kwanza wa hivi alizaliwa Marekani 1951, na wa kwanza aliyetokana na kiinitete kilichogandishwa alizaliwa Uingereza 1973, mjomba huyu bado anachunga mbuzi wa babu.

Sasa kisa chenyewe. Mjomba ana ng'ombe wa nyama, zebu wa kawaida wa kienyeji na machotara wachache, na alichotaka ni kuruka vizazi. Ukipandisha dume la Boran, zebu mkubwa wa nyama, kwa hawa zebu wetu unapata nusu, ukirudia unapata robo tatu, miaka inaenda. Ukiweka kiinitete cha Boran kwenye tumbo la zebu unapata Boran kamili mkupuo mmoja. Wazo zuri tu sina neno nalo. Akauza madume watano, akanunua viinitete 20 vilivyogandishwa, kila kimoja na mrija wake ndani ya chupa ya naitrojeni ya maji yenye baridi kali. Mwezi wa 11 vuli imenyesha vizuri, majani mabichi pande zote mbili za barabara ya Msata, tukachagua ng'ombe 22 wa kupokea, waliozaa 14 na mitamba 8. Wamejaa, wanang'aa, ukimpiga picha mmoja unamuuza kwa picha.

Halafu tukakaa. Chupa ilichelewa, daktari akawa na safari, Krismasi ikaingia, mpaka tunaweka viinitete ni mwezi wa kwanza tarehe za kumi na kitu. Anayeijua Bagamoyo anajua mwezi wa kwanza ukoje, jua, joto la kunata, vuli imeshaondoka na masika bado sana. Majani yamekuwa mabua. Wale ng'ombe wa kwenye picha hawakuwepo tena, walikuwepo wenye majina yao tu. Kile kipimo cha hali ya mwili cha 1 mpaka 5, ambacho unapiga jicho kwenye mbavu, nyonga na shina la mkia, mwezi wa 11 karibu wote niliwaandika 3 au 3 na nusu. Januari wengi nikawaandika 2 au 2 na nusu. Niliandika mimi mwenyewe kwa mkono wangu na sikumwambia mtu chochote, niliona kama namletea mjomba mkosi hela ameshatoa.

Mjomba alipoona mbavu akafanya kile tunachofanya wote, akaleta mashudu na pumba kwa fujo siku tano kabla ya kazi. Ng'ombe hanenepi kwa siku tano. Mbaya zaidi protini ikizidi ghafla bila chakula cha nguvu cha kwenda nayo, urea inapanda kwenye damu mpaka kwenye kizazi na kubadilisha mazingira yale ambayo kiinitete kinakuja kukaa. Sisemi ndo iliyotuua ila haikutusaidia. Ng'ombe anayepokea anatakiwa awe anapanda kilo, taratibu, kama miezi miwili mfululizo. Mwili wa jike anayekonda unajua njaa iko njiani, na kitu cha kwanza kukipunguza ni mimba. Wetu walikuwa wanashuka.

Haya, tukawapanga wafike joto pamoja. Daktari aliwaweka vile vifaa vyenye projesteroni (homoni ya mimba) ukeni, siku saba, sindano ya prostaglandini (homoni ya kurudisha joto), akavitoa, tukaambiwa tusubiri siku mbili tatu tuwaangalie joto. Hapa ndo pana aibu ya pili. Waliopewa kazi ya kuangalia ni vijana wawili, wanaangalia asubuhi wakifungua zizi na jioni wakifunga. Zebu sio kama hawa wa maziwa, joto lake ni fupi, masaa kama kumi hivi, na mara nyingi linaanzia usiku na kuishia usiku. Halafu vijana walikuwa wanaandika yule anayepanda wenzake. Anayepanda anaweza kuwa na joto au asiwe nalo, unayemtafuta ni yule anayepandwa akasimama asikimbie. Wakaandika 20.

Siku ya 7 daktari anaingiza mkono kutafuta kile kinundu kinachobaki kwenye ovari baada ya yai kutoka, ndo kinachotengeneza projesteroni ya kushikilia mimba, bila hicho unaweka kiinitete kwenye nyumba isiyo na paa. Kati ya 20 akakuta kinundu kwa 16. Wanne hamna kitu, joto lao lilikuwa kwenye daftari tu. Kwahiyo viinitete 4 vikarudi kwenye chupa, yaani havikutoka, bado viko mpaka leo.

Na hata kati ya wale 16 kuna wawili ambao baadaye sana mzee wa Kimasai anayetuchungia aliniambia, mwanangu, wale walisimama usiku wa kwanza kabisa, nyie mmeandika kesho yake jioni. Nikamuuliza mzee mbona hukusema? Akanijibu, nani aliniuliza. Ukipiga hesabu hao wawili kizazi chao kilikuwa kimetangulia kama siku nzima mbele ya tulivyoandika, na kinachovumilika ni tofauti ya masaa 24 hivi kwenda mbele au kurudi nyuma, ukipita hapo kiinitete kinakuta maandalizi ya chakula cha siku nyingine. Wote wawili hawakushika. Mzee analala kando ya zizi kila usiku wa Mungu na sisi tunatuma vijana wenye simu.

Sasa siku yenyewe ya kuweka. Shemeji ana hoja yake na nitampa haki yake. Daktari alianza saa mbili asubuhi, na wa kwanza kama nane hivi nilivutiwa na kazi, anachoma ganzi kidogo kwenye mkia ng'ombe asisukume, anasafisha, bomba lina ala ya nailoni ya kuzuia uchafu, anapita shingo ya kizazi taratibu, anaenda pembe ya upande ule ule wenye kinundu. Hilo la upande ni la lazima, kinundu kulia weka kulia, ukikosea unajipunguzia nafasi sana. Na asikwaruze ndani, kizazi kikikwaruzwa kinatoa prostaglandini ambayo ndo ile ile ya sindano ya kuvunja kinundu, yaani unaweka mimba na kuitoa kwa mkono mmoja.

Kuanzia saa nne mambo yakabadilika. Waliobaki walikuwa ndo wakorofi, na wamo wale wenye ndama wadogo, wanawaita ndama wao, wanaruka, krashi yetu, kile kizuizi cha kubania ng'ombe, ni ya miti ya kuungaunga ikakatika ubavu mmoja. Mrija unatolewa kwenye naitrojeni, unashikwa hewani sekunde chache, unazamishwa kwenye maji ya vuguvugu nyuzi 25 mpaka 30 mpaka barafu iishe, na kuanzia hapo saa inatembea, inabidi kiinitete kiwe ndani ya ng'ombe ndani ya dakika kama kumi. Mara mbili mrija uliyeyushwa ng'ombe bado hajaingia. Mara moja nilipiga saa, dakika 23. Na ile ndoo ya maji ya kuyeyushia ilikuwa imesogezwa na mtu mpaka juani, kipimajoto kikasoma 36 daktari akafoka. Kwahiyo ndiyo, mchana kazi ilichafuka, ila krashi ni yetu na ndoo ni yetu.

Matokeo kwa masaa: nane wa kwanza mimba 3, nane wa mwisho mimba 1. Shemeji akiona hapo anapiga meza. Lakini ngoja, nani walikuwa nane wa mwisho? Wakorofi, wenye ndama, waliokonda. Hapo ndo shida ya visa vidogo kama hiki, kila sababu imevaa nguo za mwenzake.

Nikachambua upya. Mitamba 6 ilitoa mimba 2. Waliozaa ambao ndama wameshakua, 6, wakatoa 2. Wenye ndama wa chini ya siku 60 wanaonyonya walikuwa 4, wakatoa sifuri. Hawa hawakutakiwa hata kuwepo, mwezi wa 11 walikuwa na mimba kubwa tukawaweka kwenye orodha tukijua watakuwa wamezaa, ila tukasahau kuhesabu siku. Kizazi bado kinajirudi, maziwa yanavuta mwili, njaa juu yake.

Kwa hali ya mwili: waliokuwa 3 kwenda juu Januari ni 7, wakatoa mimba 3. Waliokuwa chini ya 3 ni 9, wakatoa 1, na hiyo 1 ndo iliyopotea kabla ya kipimo cha mwezi wa nne. Maana yake mimba zote 3 tulizonazo ziko kwa wale ambao njaa haikuwafika vizuri. Wengine tulikuwa tunawaombea tu.

Na viinitete vya mjomba? Cheti kilikuwepo. Kila mrija una namba ya hatua na namba ya ubora, ubora 1 ndo unaofaa kugandisha, 2 unakubalika ila unakufa zaidi ukiyeyushwa, 3 usigandishe. Tulivyotumia 11 vilikuwa ubora 1 na 5 ubora 2. Ubora 1 vikatoa mimba 3, ubora 2 vikatoa 1. Uwiano ni ule ule karibu. Kama viinitete ndo vibovu vile vya ubora 2 vingeanguka kabisa na vya 1 vingebaki, au vyote vingekufa kwa pamoja. Kilichogandishwa kikiwa kizuri, ng'ombe mzuri, mkono mzuri, watu wanapata nusu mpaka 60 kwa mia. Wale 7 wetu wenye mwili walifika 43, kwa mazingira yale ya krashi ya kuungaunga mimi nasema havikuwa vibovu. Mjomba hajakubali mpaka leo, ameshasema sana kwa watu hawezi kurudi nyuma.

Kitu kilichonifungua macho zaidi ni ukurasa wa mwisho, tarehe za kurudi joto. Safari hii nilimkabidhi mzee kazi ya kuangalia usiku. Kati ya 12 ambao hawakuwa na mimba, 7 walirudi joto kati ya siku ya 18 na 24 kuhesabu toka joto la kwanza, yaani kawaida, kama vile hawajawekewa kitu. Wawili hawakuonekana kabisa. Lakini watatu walirudi kati ya siku ya 27 na 34. Hawa watatu ndo mashahidi wangu.

Iko hivi. Kuanzia kama siku ya 15 mpaka 17 kiinitete kilicho hai kinatoa protini fulani inaitwa intaferoni tau, ni kama hodi, kinamwambia mama nipo usivunje kinundu. Mama akisikia hodi anaacha kutoa prostaglandini na mzunguko unasimama. Asiposikia anavunja, anarudi joto siku ya 21. Kwahiyo ng'ombe aliyechelewa mpaka siku ya 30 alisikia hodi. Kiinitete kilipona kugandishwa, kikapona ndoo ya juani, kikapona mkono wa daktari, kikaishi siku kumi zaidi tumboni, halafu kikafa. Hao watatu huwezi kumlaumu muuzaji wala daktari, waliharibikiwa mikononi mwetu. Ukiwajumlisha na yule aliyepoteza baadaye na wale 3 wenye mimba, kati ya 16 tulikuwa na angalau 7 walioshika. Saba! Mbuzi alistahili.

Tulifanya nini kati ya siku ya 16 na 30? Siku ya tisa baada ya kuweka lambo lilikauka. Mjomba akasema kesho alfajiri ng'ombe wote waende upande wa Ruvu kwenye maji, na wakaenda, mwendo wa siku nzima juani, wale 16 wamo. Hesabu, 7 na 10 ni 17. Siku ile ile ambayo viinitete vinapiga hodi mama zao wanatembea kwenye vumbi la nyuzi 33 hawajanywa. Nilikuwepo. Nilishika fimbo. Wakishafika wakakaa huko wiki tatu na ng'ombe wa watu wengine, hakuna josho la maana, kupe mpaka kwenye masikio.

Wataalamu wanasema mnyama aliyewekewa asisafirishwe wala kusumbuliwa kwa wiki kama sita za mwanzo, asichanjwe, asikimbizwe, asihamishwe kundi. Daktari alituambia hilo siku ile ile, liko kwenye daftari, nimeandika "wasisumbuliwe" na nikapigia mstari.

Kuna watu walisema joto la hewa ndo limetumaliza, na mimi nilifikiri hivyo mwanzoni. Lakini kiinitete cha siku 7 kimeshapita siku zake laini zaidi, zile za mwanzo kabisa ambazo joto linaua yai na kiinitete kichanga, ndo maana wengine sehemu za joto wanakimbilia njia hii badala ya kupandisha kwa mbegu. Joto lilitugonga kwa mlango wa nyuma, ng'ombe akiwa na joto anakula kidogo, na kidogo chenyewe hakipo.

Chausiku, ng'ombe mmoja kati ya wale 16, naye nimuweke peke yake. Siku ya nne baada ya kuwekewa alisimama kando hali, nikampima 40.6, daktari akachukua damu akaangalia akakuta vijidudu vya nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Tuko karibu na mapori ya upande wa Saadani, mbung'o wapo, sio siri. Akapigwa sindano akapona, mimba hakuna, homa ya namna ile kiinitete hakiwezi. Kama tungechukua damu ya wote 22 kabla, huyu angetoka kwenye orodha kwa gharama ya slaidi moja. Brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba, nayo tulipima baada ya yule mmoja kupoteza, wote safi, na hata hivyo brusela mara nyingi inatupa mimba kubwa ya miezi mitano kwenda juu, hii ilikuwa ya miezi miwili hivi. Ilipaswa kupimwa mwanzo tu.

Ukiniuliza mimi, kosa kubwa ni kalenda. Tulichagua ng'ombe wa Novemba tukawapa kazi ng'ombe wa Januari. Krashi, ndoo, vijana, hayo yote yalikula moja moja, njaa ilikula tisa wakiwa bado hawajaguswa. Na kutoka kwa wachache waliopona njaa, safari ya Ruvu ikachukua zake.

Sasa ni mwezi wa saba, majani ya masika bado yapo, asubuhi kuna ubaridi kidogo. Wale watatu wana matumbo, tunategemea wazae kuelekea mwisho wa mwezi wa 10, na mmoja ni mtamba mdogo wa zebu ambaye namuogopea na ndama wa Boran, nyonga zake hizo. Chupa ina mirija 4. Nimetenga ng'ombe 9 toka mwezi wa tano, nawapima kila wiki mbili, 7 wanapanda, 2 wamesimama palepale nimewatoa. Damu imechukuliwa. Krashi imejengwa upya kwa mbao. Mzee ameletewa tochi mpya na daftari lake mwenyewe, hajui kuandika, anachora mwezi na alama ya masikio ya ng'ombe, na mpaka sasa hajakosea.

Mjomba jana kaja anasema mjomba, mbona tusiweke na kwa wale wawili uliowatoa, wana umbo zuri. Nimemwambia mirija ni minne na ng'ombe ni saba, tutachagua wanne siku ile ile kwa mkono wa daktari, na lambo nimeshapima, lina maji ya kufika mwezi wa tisa.